Mama wa Fizi na haki ambayo Wamarekani huiruka: tujadili misingi ya serikali ya Marekani

#1 Mwana wa Kasulu

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa shikamooni. Uzi huu ni mrefu, anayeanza kuusoma atafute mahali akae.

Mimi ni mtu wa Kasulu, naishi Marekani mwaka wa kumi na moja sasa. Kila Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa kanisa moja hapa mtaani, nawasaidia watu wazima wanaojiandaa na usaili wa uraia. Karibu wote ni Wakongo wa Kivu Kusini, na wengi walipita Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa kwetu mwaka 1996. Wapo waliokaa pale zaidi ya miaka kumi na tano kabla ya kuletwa huku. Tukikutana tunaulizana kwanza habari za Makere na soko la Kasulu, ndipo madaftari yanafunguliwa.

Mtihani wenyewe uko hivi. Afisa wa uhamiaji anakuuliza kwa mdomo maswali ya historia na serikali. Orodha ya zamani ina maswali 100, unaulizwa hadi 10 na unatakiwa upate 6. Walioomba kuanzia Oktoba 20, 2025 wanakutana na orodha ya maswali 128, wanaulizwa hadi 20 na lazima wapate 12. Msamaha wa Kiingereza upo kwa mwenye miaka 50 aliyekaa na grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) miaka 20, au mwenye miaka 55 aliyekaa nayo miaka 15. Huyo anajibu kwa lugha yake, mkalimani akiwa pembeni. Wanafunzi wangu wengi umri wanao, ila miaka ya grini kadi haijatimia. Kwa hiyo mtu aliyelima mihogo tangu utotoni anakariri majina ya mihimili ya dola kwa lugha aliyoanza kuisikia akiwa tayari ana wajukuu.

Jumamosi moja nilikuwa nawapitisha kwenye Hati ya Haki, yaani yale marekebisho kumi ya kwanza ya Katiba yao. La kwanza tulilikalia muda mrefu: dini, kusema, magazeti, mikutano ya amani, kuidai serikali irekebishe makosa. La pili, silaha. La tatu nililisoma haraka kama nilivyozoea, kwa sababu Wamarekani wenyewe hulipita bila kusimama na kwenye usaili halina swali lake. Linasema hivi: wakati wa amani, askari asiwekwe kwenye nyumba ya mtu bila ridhaa ya mwenye nyumba, na wakati wa vita iwe tu kwa utaratibu uliowekwa na sheria.

Nilishageuza ukurasa. Mama mmoja wa Fizi, huko Kivu Kusini, mwenye miaka sitini na kitu, akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, rudilia pale."

Nikarudia, polepole, kwa Kiswahili. Akakaa kimya kidogo, kisha akatueleza. Watu wenye bunduki waliingia kwake jioni moja, wakasema watalala siku mbili. Wakakaa wiki tatu. Yeye na watoto walihamia kwenye kibanda cha kupikia, mbuzi wakaisha mmoja baada ya mwingine, na binti yake mkubwa akapelekwa usiku kwa shangazi kijiji cha pili ili asionekane. Alipomaliza aliniuliza:

"Kumbe na bale ilibafikia?"

Nimefundisha ukurasa ule zaidi ya mara ishirini na sikuwahi kuulizwa swali lenye uzito kama hilo. Ndiyo, na wale iliwafikia. Usiku ule niliyasoma upya marekebisho yote kumi, kwa kila mstari nikijiuliza: hapa nani alifanywa nini hadi ikabidi iandikwe?

Chukueni la nne, linalokataza upekuzi bila hati ya hakimu inayotaja mahali pa kupekuliwa na vitu vinavyotafutwa. Enzi Marekani ikiwa bado makoloni ya Uingereza, maofisa wa forodha wa Kiingereza mjini Boston walikuwa na hati za jumla zilizowaruhusu kuingia duka, ghala au nyumba yoyote kutafuta magendo, bila kusema wanatafuta nini wala kwa nani. Hati ilidumu hadi mfalme afe, na miezi sita zaidi. Mfalme George wa Pili alipofariki mwaka 1760 zikatakiwa zitolewe upya, wafanyabiashara wakapinga mahakamani, na Februari 1761 wakili James Otis akasimama akaongea karibu saa tano. Alishindwa. Lakini ukumbini alikuwepo kijana wa miaka 25, John Adams, ambaye uzeeni aliandika kwamba uhuru wa Marekani ulizaliwa siku ile.

Uhuru wa magazeti nao una mtu nyuma yake. John Peter Zenger, mpigachapa mhamiaji kutoka Ujerumani, alikamatwa New York mwaka 1734 kwa sababu gazeti lake lilimsema gavana. Akakaa mahabusu miezi zaidi ya minane. Sheria ya wakati huo ilisema maneno ya kuidhalilisha serikali ni kosa hata yakiwa ya kweli. Tena ukweli ulihesabiwa unazidisha kosa. Wakili wake aliwaambia wale wananchi 12 wa juri waangalie kama yaliyochapwa ni kweli, na Agosti 1735 wakamwachia huru. Ndiyo maana pia kuhukumiwa na juri kumeandikwa tena na tena katika Hati ya Haki: la tano lina juri ya kupitisha mashitaka, la sita juri ya kesi ya jinai, la saba juri ya kesi za madai. Waingereza walikuwa wameanza kupeleka kesi za ushuru kwenye mahakama za bahari zisizo na juri kabisa, kwa sababu wananchi wa kule walikataa kuwatia wenzao hatiani.

Ninachotaka tujadili ni hiki. Shuleni tulifundishwa haki za Wamarekani kama mawazo ya wanafalsafa. Mimi naona kila mstari ni kovu la mtu. Waliokuwa na makovu na wakawa na sauti ndani ya chumba, yao yaliandikwa. Na waliokuwa na makovu makubwa zaidi lakini wako nje ya mlango? Karibuni.

#2 Mzee wa Nyaraka

Mwana wa Kasulu, marahaba. Uzi mzuri, ila hapo kwenye la tatu nikurekebishe kidogo, usije ukawafundisha wazee wetu kitu nusu. Sheria ya Bunge la Uingereza ya 1765, ile ya makazi ya askari makoloni, haikuruhusu askari kuingizwa kwenye nyumba inayokaliwa na watu. Ilisema wakae kambini. Kambi zikijaa, nyumba za wageni na vilabu vya pombe. Navyo vikijaa, majengo matupu na mabanda. Na ile ya 1774 iligusa majengo yasiyokaliwa. Watu wengi wanarudia hadithi ya askari kulala kitandani kwa mwenye nyumba bila kuisoma sheria yenyewe.

#3 Mwana wa Kasulu

Mzee wangu, nakushukuru, na umesema kweli. Nilisoma nikarudi. Maneno ya sheria ya 1765 ni kama ulivyoyaweka. Lakini miaka michache kabla yake, wakati wa vita na Wafaransa, Lord Loudoun alipokuwa mkuu wa majeshi aliwaingiza askari kwa nguvu kwenye nyumba za watu wa Albany, mwaka 1756. Kwa hiyo kumbukumbu ilikuwepo kabla ya sheria.

Halafu sheria ya 1765 ilileta maudhi ya aina nyingine: koloni ndilo lilipe. Kuni, mishumaa, chumvi, siki, vitanda, vyombo vya kupikia, na bia. Baraza la New York likagoma kutoa kila kilichodaiwa, na mwaka 1767 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kulizuia lisitunge sheria yoyote hadi lilipe. Fikirieni hapo: baraza mlilolichagua ninyi linafungwa mdomo na bunge ambalo hamna hata mbunge mmoja ndani yake, kwa sababu ya gharama za jeshi ambalo hamkuliomba. Mwaka uliofuata askari wakashushwa Boston, mji wa watu kama elfu kumi na sita, wakawa mitaani kila siku, na Machi 5, 1770 wakafyatua risasi kwenye umati, wakafa watano. Mmoja wao Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Marekani.

Jumamosi ijayo nitawaeleza hivyo, kwamba maandishi ya sheria na yaliyowapata watu havikuwa kitu kimoja. Hilo Wakongo hawahitaji kulitafsiriwa.

#4 Kijana wa Nakuru

Kaka Mwana wa Kasulu, niulize. Sisi Kenya katiba ya 2010 ina sura nzima ya haki, Sura ya Nne, ndani ya katiba yenyewe. Hawa wenzetu kwa nini haki zao ziko kwenye "marekebisho"? Ina maana walizisahau?

#5 Mwana wa Kasulu

Ndugu wa Nakuru, swali lako ndilo moyo wa jambo lote, niache nilijibu kwa kituo.

Baada ya uhuru wa 1776 walikuwa na muungano dhaifu sana. Bunge la muungano halikuweza kutoza kodi; liliyaomba majimbo, na majimbo yalilipa yalipotaka. Askari waliopigana vita hawakulipwa sawasawa. Mwaka 1786 wakulima wa magharibi mwa Massachusetts, wengi wao wapiganaji wa zamani, wakaanza kuzifunga mahakama kwa nguvu kwa sababu mashamba yao yalikuwa yanauzwa kwa madeni na kodi. Matajiri wakaogopa, na hata wasio matajiri wakaona nchi inasambaratika.

Mei 1787 wajumbe wakakutana Philadelphia. Kwa jumla walihudhuria 55 kutoka majimbo 12. Rhode Island ilikataa kupeleka mtu. Walikaa miezi minne, milango imelindwa na madirisha yamefungwa katikati ya joto, ili maneno yasitoke nje. Humo ndimo ulipotoka mpangilio tunaoukariri kila Jumamosi. Kifungu cha kwanza na kirefu kuliko vyote ni cha Bunge, na hilo si kwa bahati: mkoba wa fedha na uamuzi wa kutangaza vita viliwekwa kwa waliochaguliwa. Rais anaweza kuukataa muswada, na theluthi mbili za kila baraza zinaweza kumpita. Majaji wa shirikisho anawateua Rais, Seneti inawathibitisha, kisha wanakaa kazini maisha yao yote mradi wasivunje mwenendo mwema, na mshahara wao haupunguzwi wakiwa kazini. Angalieni kila mahali wameweka mkono wa mwingine. Hawa walikuwa watu waliotawaliwa na mfalme na wakatawaliwa na bunge la mbali, na hawakumwamini yeyote, hata wao wenyewe.

Sasa haki. Septemba 12, kazi ikiwa inaelekea ukingoni, George Mason wa Virginia akasema angependa katiba itanguliwe na hati ya haki. Alijua anachosema, kwani ndiye aliyeandika hati ya haki ya Virginia mwaka 1776. Akasema kazi hiyo ingechukua saa chache tu. Hoja ikapelekwa kwa kura, na hakuna ujumbe wa jimbo hata mmoja ulioiunga mkono. Walichoka, walitaka kwenda nyumbani, na wengine waliamini kweli kwamba serikali isiyopewa mamlaka juu ya magazeti haihitaji kukatazwa kuyagusa.

Siku tano baadaye, Septemba 17, walitia saini 39. Watatu waliokuwa ndani ya chumba walikataa: Mason, Edmund Randolph na Elbridge Gerry. Mason alikuwa ameshasema mwezi uliotangulia kwamba ni bora aukate mkono wake wa kulia kuliko kuuweka kwenye katiba ile ilivyokuwa. Alikuwa jirani na rafiki wa miaka mingi wa George Washington. Urafiki ule haukupona tena.

Pingamizi la Mason lilisambazwa nchi nzima, na linaanza na sentensi kwamba hakuna tamko la haki. Katiba ikapita kwa shida kwenye kura za majimbo. Massachusetts 187 kwa 168, na hapo ni baada ya kuahidiana kwamba marekebisho yatafuata. Virginia 89 kwa 79. New York 30 kwa 27. James Madison, ambaye mwanzo aliziita hati za namna hiyo vizuizi vya karatasi tu, alipogombea ubunge mwaka 1789 dhidi ya James Monroe ikabidi awaahidi wapiga kura wake, hasa Wabaptisti waliokuwa wamewahi kufungwa kwa kuhubiri bila kibali, kwamba atayaleta. Akashinda, akayaleta, na alilazimika kuwasumbua wabunge wenzake waliotaka waanze na mambo ya ushuru. Yakatoka marekebisho 12, majimbo yakaridhia 10, Desemba 15, 1791.

Kwa hiyo kaka, hawakuzisahau. Walizikataa kwa kura, na wananchi wakazirudisha. Kwetu Tanzania tulianza uhuru mwaka 1961 bila hati ya haki katika katiba. Iliingia 1984 na mahakama zikaanza kuisimamia 1988. Wapo waliosema wakati huo kwamba itaikwamisha serikali changa. Kauli hiyo naisikia kila nikisoma habari za Philadelphia.

Jambo moja pembeni kwa wapenda historia: kati ya yale mawili yaliyokwama, moja la mishahara ya wabunge liliridhiwa mwaka 1992, zaidi ya miaka 200 baadaye. Gregory Watson, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Texas, aliligundua akiandika insha mwaka 1982, akapewa alama ya C, kisha akaanza kuyaandikia mabunge ya majimbo barua. Mwaka 2017 chuo kilimbadilishia alama.

#6 Binti Uvira

Ndugu zangu, miye niko Marekani pia, na ninasoma uzi huu na baba yangu kando yangu. Yeye anauliza: Bamerika bale baliandika haki na batumwa bakiwa shambani mwao. Sasa makovu ya batumwa iko wapi katika hiyo karatasi?

#7 Mwana wa Kasulu

Dada, mfikishie baba heshima zangu. Hilo ndilo nililoacha wazi kule juu, na sitalizunguka.

Mason, huyo huyo wa hati ya haki, alimiliki watumwa wengi. Aliiita biashara ya watumwa ya kishetani mbele ya wenzake, akarudi nyumbani kwenye shamba lililolimwa na watumwa. Neno "mtumwa" halimo kabisa katika katiba ya 1787. Waliandika "watu wengine". Hao watu wengine walihesabiwa kila watano kama watu watatu kwa ajili ya kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, yaani bwana alipata viti zaidi bungeni kwa idadi ya watu aliowafunga. Bunge likazuiwa lisikomeshe uingizaji wa watumwa kabla ya 1808. Na mtumwa akitoroka kwenda jimbo huru, arudishwe.

Baya zaidi, hata raia mweupe hakuwa na Hati ya Haki dhidi ya jimbo lake. Mwaka 1833, mwenye gati mmoja wa Baltimore aitwaye Barron alidai fidia kwa sababu kazi za mji zilijaza mchanga kwenye gati lake. Mahakama ya Juu ikamwambia marekebisho yale yanaifunga serikali ya shirikisho tu, jimbo hayaligusi. Fikiri maana yake kwa mtu mweusi wa Mississippi. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, mahakama hiyo hiyo ikasema wenye asili ya Kiafrika hawawezi kuwa raia wa Marekani kabisa, wawe watumwa au huru.

Ilihitaji vita vilivyoua zaidi ya watu laki sita ndipo makovu yale yakaingia kwenye karatasi. Rekebisho la 13, mwaka 1865, likafuta utumwa. La 14, mwaka 1868, likasema kila aliyezaliwa au kupewa uraia Marekani, aliye chini ya mamlaka yake, ni raia, na hakuna jimbo litakalomnyima mtu uhai, uhuru au mali bila kufuata sheria, wala kumnyima mtu yeyote ulinzi sawa wa sheria. Linasema "mtu", halikusema "raia", na kwa wazee wangu waliofika hapa wakiwa wakimbizi neno hilo moja ni kubwa. La 15, mwaka 1870, likakataza kumnyima mtu kura kwa rangi yake. Baba akisema yalikaa kwenye karatasi tu karibu miaka mia, atakuwa amesema kweli. Kura ya mtu mweusi wa Kusini ilikuja kulindwa kweli na sheria ya 1965, baada ya watu walioandamana kuidai kura kupigwa virungu kwenye daraja la Selma, Alabama. Wanawake walisubiri hadi 1920.

La 14 ndilo lililobadilisha kila kitu, kwa sababu kupitia humo mahakama zilianza, kidogo kidogo katika karne ya 20, kuzifikisha haki za 1791 hadi kwa polisi na mahakama za majimbo. Na zilifika kwa mikono ya watu wadogo. Nipeni nafasi nimtaje mmoja.

Clarence Earl Gideon alikuwa mzungu maskini wa Florida, ameingia na kutoka jela mara kadhaa. Mwaka 1961 alishitakiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool mjini Panama City na kuiba chenji na vinywaji. Akamwomba jaji ampe wakili kwa kuwa hana fedha. Jaji akamjibu kwamba sheria ya Florida inampa wakili yule tu anayekabiliwa na hukumu ya kifo. Akajitetea mwenyewe, akapewa miaka mitano. Gerezani akaandika kwa penseli, kwenye karatasi ya gereza yenye mistari, maombi kwa Mahakama ya Juu. Wakayasoma. Machi 18, 1963, majaji wote tisa wakasema mtu maskini anayeshitakiwa kwa jinai nzito lazima apewe wakili. Akarudi mahakamani Agosti mwaka huo, mara hii akiwa na wakili aliyembana shahidi mkuu kwa maswali, na juri ikamwachia ndani ya saa moja hivi. Rekebisho la sita lilikuwa limesema "msaada wa wakili" tangu 1791.

Kuhusu uraia wa kuzaliwa, maana najua mtaniuliza. Wong Kim Ark alizaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina ambao sheria haikuwaruhusu kuwa raia. Mwaka 1895 alirudi kutoka China akazuiwa asishuke melini. Mahakama ya Juu ikaamua mwaka 1898, majaji 6 kwa 2, kwamba ni raia. Januari 2025 Rais alitia saini amri ya kuubana uraia wa namna hiyo, na ndani ya siku chache jaji wa shirikisho akaizuia kwa muda. Darasani kwangu kina mama wenye watoto wachanga waliifuatilia habari hiyo kwa hofu.

#8 Dada wa Mbozi

Mwana wa Kasulu nimeusoma wote. Naomba nichangie kutoka nyumbani. Wilayani kwetu wanafunzi Mashahidi wa Yehova walifukuzwa kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa, Mahakama Kuu ikawakatalia, wakaenda Mahakama ya Rufani na mwaka 2013 wakashinda. Mimi nilikuwa mwalimu na nilikasirika, nikaona hawa wanaidharau nchi. Huko Marekani ingekuwaje?

#9 Mwana wa Kasulu

Dada, huku ilitokea hivyo hivyo, na mwaka wenyewe ndio unaoshangaza. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu iliamua, 8 kwa 1, kwamba shule inaweza kuwalazimisha watoto wa Mashahidi wa Yehova kuisalimu bendera. Baada ya hukumu ile Mashahidi walishambuliwa sehemu nyingi za nchi. Miaka mitatu tu baadaye mahakama ikajigeuza yenyewe, 6 kwa 3, katika kesi ya Barnette kutoka West Virginia. Ilikuwa Juni 14, 1943, vita vimepamba moto, vijana wanakufa chini ya bendera hiyo hiyo, na siku yenyewe ni Siku ya Bendera. Jaji Robert Jackson akaandika kwamba hakuna afisa, wa juu wala wa chini, anayeweza kuamuru nini kiwe imani sahihi katika siasa, uzalendo au dini, wala kuwalazimisha raia wakiri kwa neno au kwa tendo.

Hasira yako naielewa. Mimi wimbo wetu nikiusikia huku nasimama hata nikiwa peke yangu jikoni. Nasimama kwa sababu naupenda, na mtoto aliyesimamishwa kwa fimbo hajafikia hapo.

#10 Kijana wa Nakuru

Moja la mwisho kaka. Inakuwaje mtu apate kura chache na bado awe rais?

#11 Mwana wa Kasulu

Hapo nitapita haraka, kwa kuwa hata wao wanagombana nalo. Rais huchaguliwa na wajumbe maalumu 538, kila jimbo kwa idadi ya wabunge na maseneta wake, na anayefikisha 270 ameshinda. Karibu kila jimbo humpa mshindi wake wajumbe wote, ashinde kwa kura moja au milioni. Ndiyo maana mwaka 2000 na 2016 aliyeongoza kwa kura za wananchi alikosa kiti. Mzizi ni ule ule wa Philadelphia: majimbo madogo yalitishia kuondoka yasipopewa uzito, ndiyo sababu Wyoming yenye watu wasiofika laki sita ina maseneta wawili sawa na California yenye watu karibu milioni arobaini. Binafsi naona walilipa bei kubwa mno kwa maafikiano yale, na kubadilisha kunahitaji majimbo 38 kati ya 50.

#12 Binti Uvira

Baba anasema aksanti sana. Na anauliza, ule mama wa Fizi, alipita mtihani?

#13 Mwana wa Kasulu

Bado dada, yeye yuko kwenye ile orodha ya maswali 100 na usaili wake ni mwezi ujao, mtuombee.

Ila niwaeleze ya Jumamosi hii. Kwenye orodha yake kuna swali: kwa nini wakoloni walipigana na Waingereza? Majibu yanayokubalika ni matatu na unatakiwa utoe moja tu: kodi kubwa bila kuwakilishwa, kukosa kujitawala, na jeshi la Waingereza kukaa kwenye nyumba zao. Darasa zima hukariri la kodi, kwa sababu lina maneno mepesi. Nilipomfikia yeye nikamkumbusha achukue hilo jepesi.

Akatikisa kichwa. Akajibu kwa Kiingereza, neno baada ya neno, kwamba askari walikaa ndani ya nyumba zao. Kisha akaniomba nimwandikie ile ibara yenyewe kwa herufi kubwa kwenye karatasi, kwa Kiswahili, aipeleke kwa binti yake mkubwa. Nimemwandikia.